Plastiki Inayotii Moto

Jumatatu, 4 Agosti

Leo nimegundua kazi ya maisha yangu. Nilikuwa nimesimama tu, sitafuti kitu.

Ndobo yetu ya kuchotea maji ilipasuka asubuhi. Dative, mke wangu, akanituma kwa Massoudi, fundi wa mabeseni anayekaa kivulini chini ya parasoli mbele ya kiwanja chetu hapa Kamenge. Massoudi alitia chuma motoni, akakipitisha kwenye ufa. Plastiki ikalainika kama siagi. Ikashikana. Ikapoa, ikawa ngumu tena. Nikamwuliza kama inaweza kuyeyuka mara ya pili. Akasema hata mara ya kumi, plastiki ya ndobo ndivyo ilivyo.

Na mimi miaka yote natupa utajiri jalalani!

Sasa kuna suala la chumba cha mbele, kile kinachotazama barabara. Nyumba ni ya mama mkwe wangu, Mama Amélie. Sisi tunaishi kwake. Kijana aliyekuwa akiuza simu mle amehama. Massoudi amechoka na jua, amekiomba chumba. Jioni hii na mimi nimekiomba, kwa ajili ya karakana yangu. Mama Amélie amesema atatoa jibu Jumapili, kaka yake akija kutoka Kinanira na mbuzi wake wa kila mwaka, familia yote ikiwa mezani.

Dative ameuliza karakana gani. Nimemweleza. Ameuliza ule mradi wa kuanika samaki wa ndagala juu ya paa uliishia wapi. Mradi ule haukuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa la paka.

Jumanne, 5 Agosti

Kazi ya kwanza: mpini wa sufuria, umevunjika vipande viwili. Nimeuweka juu ya jiko letu la mbabula, makaa yamewaka vizuri. Nikasubiri ulainike. Haukulainika. Nikapepea. Ukatoa moshi mweusi, ukanuka kama nywele zinazoungua, ukapasuka. Sasa ni vipande vitano.

Massoudi akavuka barabara, eti kufuata harufu. Akaeleza kwamba si kila plastiki inayeyuka. Nyingine ni kama yai: ukishalichemsha, limekwisha, halirudi tena kuwa maji. Mipini ya sufuria ni ya namna hiyo, la sivyo ingedondokea kwenye mchuzi.

Nimemwambia nilikuwa nalijua hilo. Nilikuwa najaribu makaa.

Dative amepika akishika sufuria kwa kitambaa. Amepuliza vidole vyake. Napenda zaidi anaponigombeza.

Jumatano, 6 Agosti

Ushindi. Jirani yetu Elsa ana kiti cha plastiki kilichopasuka mguu. Nilimwomba anikabidhi. Alisita, nikasisitiza, akanikabidhi. Nimepasha kisu kikuukuu, nikayeyusha ufa, nikaongezea kipande cha beseni la buluu. Kiti ni cheupe. Sasa kina kovu la buluu, kama askari aliyetoka vitani.

Elsa amekaa polepole, akishika ukuta. Halafu akaachia ukuta. Kimemshika! Na Elsa si mwepesi.

Mama Amélie alikuwa mlangoni, ameegemea fimbo yake. Ametazama kiti, amenitazama mimi, amesema, “Eh.” Kwa Mama Amélie, hiyo ni hotuba. Nilipomwoa binti yake hakusema hata hiyo.

Massoudi naye ameona yote kutoka chini ya parasoli. Amejifanya anatafuta chuma chake.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo nimejipita mwenyewe. Nimegundua kwamba chupa ya maji ya dukani, ukiimwagia maji ya moto, inajikunja na kubana chochote kilicho ndani yake. Nimejaribu kwenye ufagio uliopasuka mti. Imebana kama ngumi. Nimejaribu kwenye jembe. Imebana. Nimejaribu kwenye kidole changu, kwa bahati mbaya. Dative ameikata chupa kwa mkasi.

Halafu nikaiona ile fimbo ya Mama Amélie, mwisho wake umechanika na unateleza sakafuni. Nikaivalisha kitako cha chupa, nikamwaga maji. Amezunguka nayo uani, haitelezi. Akaniita “mukwe wangu” mbele ya Elsa. Elsa ni shahidi.

Chumba ni changu. Nimeshapima mahali pa kuweka meza.

Ijumaa, 8 Agosti

Massoudi ni mtu mwenye hila. Kabla ya kwenda msikitini amepita hapa akaomba beseni kubwa la Mama Amélie, lile la tangu harusi yake, lenye ufa. Amelirudisha alasiri, limeungwa hata ufa huuoni. Hakutaka malipo. Amesema ni heshima tu. Mama Amélie amecheka naye muda mrefu. Na mimi ninayeishi humu ndani, ni nani amewahi kucheka na mimi muda mrefu?

Lakini katikati ya kicheko Mama Amélie alishika shavu. Anasema meno yake ya bandia ya chini yanambana upande wa kushoto. Anahofia brosheti za Jumapili, mishikaki ya yule mbuzi. Anazisubiri tangu mwaka jana.

Meno ya bandia. Ufizi wa meno hayo, ule wa waridi, ni kitu gani? Plastiki! Massoudi hawezi kunifuata huko.

Jumamosi, 9 Agosti

Mama Amélie hulala baada ya chakula cha mchana. Meno hubaki kwenye glasi. Nimeyachukua kwa nia njema kabisa. Naandika hili ili lijulikane.

Nilichemsha maji. Nikayazamisha meno humo. Baada ya muda mfupi yakalegea, yakatii. Nikavuta upande wa kushoto kidogo, kidogo tu. Kisha upande wa kulia ukaingia ndani. Nikauvuta. Katikati ikainuka. Nikayarudisha kwenye maji yajisahihishe. Hayakujisahihisha. Yalitoka yamejipinda kama ganda la ndizi juani.

Nikamkimbilia Massoudi. Aliyatazama bila kuyagusa, akasema yeye ni mtu wa mabeseni, mdomo wa mutu si ndobo. Hakucheka. Angecheka ingekuwa nafuu.

Nimeyarudisha kwenye glasi. Mama Amélie ameamka, ameyatia mdomoni, ameyatoa. Ameyageuza mbele ya dirisha. Akauliza kwa sauti ya chini kabisa:

“Haya meno ni ya nani?”

Dative amenitazama mimi moja kwa moja. Hakutazama mtu mwingine. Nimesema yote.

Jumapili, 10 Agosti

Sina hamu ya kuandika, lakini naandika.

Kaka yake Mama Amélie alileta mbuzi. Brosheti zilinukia hadi barabarani. Massoudi alialikwa, akaja na sambusa. Mama Amélie alikaa katikati, upindo wa kitenge mdomoni, akinywa uji. Kila sahani ikipita aliifuata kwa macho. Nilijaribu kula. Niliirudisha brosheti kwenye sahani.

Nikatoka. Nikachukua nyama iliyoiva, nikaitwanga kwenye kinu mpaka ikawa laini, nikatia mchuzi na pilipili kidogo kama anavyopenda. Nilimpelekea mwenyewe. Alionja. Akala tena. Alimaliza bakuli lote, na macho yalikuwa yamemlowa. Nadhani si pilipili.

Kisha akatangaza jibu la chumba. Bila meno maneno yake yalikuwa na upepo mwingi, lakini jina la Massoudi lilisikika vizuri. Niliomba arudie, nikawa na uhakika zaidi.

Baadaye aliniita karibu, akanishika mkono.

“Mukwe wangu,” akasema, “we si mutu mubaya. Ila hii mikono yako, uiwekage mufukoni.”

Nimemwahidi. Nilimaanisha. Dative ameanza kusema na mimi tena, ameniambia nioshe kinu.

Jumatatu, 11 Agosti

Massoudi amehamia chumba cha mbele. Ameniomba nimsaidie kubeba parasoli, nimembebea. Daktari wa meno amechukua vipimo vya Mama Amélie kwa meno mapya. Amani imerudi nyumbani.

Nimefikiri sana kuhusu yaliyotokea, kama mtu mzima anavyopaswa. Nimeona kosa langu liko wapi. Maji yalikuwa ya moto mno. Yangekuwa ya vuguvugu, leo ningekuwa na chumba.

Jioni Népomuscène, mwalimu wa nyumba ya pili, alisimama kunisalimia. Miwani yake inamteleza kila anapoinama kusahihisha madaftari. Aliivua akanionyesha. Fremu ni plastiki tupu, nzuri ajabu. Anasema ndiyo miwani pekee aliyo nayo.

Nimemwambia aniletee kesho mapema, kabla Dative hajaamka. Makaa nimeshanunua.