Hotuba ya Dakta Applegarth ya Kuzindua Krediti za Bei Chee

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Chuo cha Kaunti ya Tamarack, pamoja na mkeo uliyemleta. Waheshimiwa wajumbe wa Bodi, mliofika na mliotuma salamu kutoka uwanja wa gofu. Mheshimiwa Jaji wa Kaunti. Mkuu wa Zimamoto, ambaye ameshatukumbusha mara mbili kwamba mlango ule wa nyuma usizibwe na meza ya keki. Mchungaji wa Kanisa la Kibaptisti la Barabara ya Pili. Ndugu yetu wa benki. Bata Mzinga wetu, nembo ya timu ya mpira wa kikapu, ambaye ndani ya manyoya yale mazito kuna mtu aliyejitolea bila malipo, anayetokwa na jasho kwa ajili yenu. Wanafunzi, wazazi, na ninyi nyote ambao sikuwataja kwa ufinyu wa muda, ingawa muda mimi ninao: habari za asubuhi.

(Watu: "Nzuri." Mzee Dewey Combs, dereva wa malori mstaafu, kutoka safu ya nyuma: "Saa nane mchana hii, Dakta.")

Nimepokea marekebisho na yataingia kwenye kumbukumbu. Mimi, Dakta Royce Applegarth, Makamu wa Rais wa Chuo anayeshughulikia Njia Nafuu za Kuifikia Shahada, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao mwaka jana ulinipatia ngao ile mnayoiona pale mezani. Awali ya yote niwapongeze kwa kukaa vizuri kwenye viti hivyo vyenye kibao pembeni, ambavyo kamati ya maandalizi, baada ya vikao virefu, iliona vinafaa sana kuwekea sahani ya keki. (Makofi. Keki ni nzuri kweli.)

Ndugu zangu, tatizo letu mnalijua. Katika nchi yetu hii mtu anasomea uuguzi, anajua kuchoma sindano, anajua kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza, kila somo amefaulu, lakini shahada hapewi mpaka awe na krediti tatu, yaani zile pointi za kuhesabia shahada, za masomo ya sanaa: fasihi, falsafa, historia ya muziki, mambo ya namna hiyo. Msiniulize kwa nini. Mimi sikuweka sharti hilo, mimi nalisimamia. Na krediti hizo tatu, ukizifuata kwa kukaa darasani muhula mzima, ada yake inaweza kukuuzisha gari.

(Mzee Dewey: "Mimi ada ya binti yangu ndiyo iliyoniuzisha langu." Vicheko, si virefu.)

Pole, mzee wangu. Na ni kwa ajili ya watu kama wewe kwamba Bodi, kwa uongozi wake shupavu na kwa ushauri wangu, imeasisi Mpango Mkakati Jumuishi wa Krediti Nafuu za Sanaa, kwa kifupi MMJUKRENASA. Naomba tulitamke wote kwa pamoja ili umiliki wa mpango uwe wa wananchi.

(Wananchi wanajaribu. Mzee Dewey: "Jina lenyewe linataka krediti mbili.")

Mfano hai wa mpango huu ni huyu hapa, Bi Verlene Stamper, mhudumu katika nyumba ya wazee kule kwenye kona ya kuelekea mtoni, ambaye tumemvika joho la mahafali ili mpate picha kamili ya mnufaika. Bi Verlene, geuka kidogo watu wakuone. Kofia isogeze, kishada kinakuziba uso.

(Bi Verlene, aliyevaa joho refu kuliko yeye, anaivuta maiki upande wake: "Dakta, samahani. Mtihani wa kuchukulia krediti bila kukaa darasani, utafanyika lini? Mwenzenu nimesoma tangu theluji ya kwanza.")

Swali zuri sana, na majibu yake yamo katika sehemu ya tano ya hotuba hii. Kwa wasiofahamu, Bi Verlene anazungumzia ule utaratibu wa zamani. Ulikuwa unaazima kitabu maktaba ya kaunti, unajisomea mwenyewe nyumbani, unakuja hapa chuoni Jumamosi, unakaa Chumba Namba Kumi na Mbili na penseli yako, unalipa pesa ya kujaza tangi moja la gari, unafanya mtihani, na ukifaulu unaondoka na krediti zako tatu. Nataka niwe mkweli: utaratibu huo ulikuwa na kasoro kubwa. Haukuwa na uongozi. Haukuwa na dira wala nembo, haukuwa hata na Makamu. Watu walikuwa wanapata krediti kiholela tu, mtu anaingia asubuhi hana kitu, mchana anatoka nazo, na ofisi kuu haina habari. (Mwenyekiti wa Bodi anatikisa kichwa kwa masikitiko.)

Tukasema hapana. Tukaunda kikosi kazi. Mwezi wa Januari, wakati ninyi mnamwaga chumvi kuyeyusha barafu ya vibaraza vyenu, kikosi kazi chini yangu kilisafiri kwenda Florida kujifunza jinsi wenzetu wanavyobana matumizi. Tulikaa hoteli ya ufukweni ili tuwe karibu na wadau. Matumizi yalikuwa makubwa, kwa hiyo tulijifunza mengi. Tuliporudi tulifanya utafiti, na utafiti umeonyesha kwamba asilimia tisini na sita ya watu wa kaunti hii wanapenda vitu vya bei nafuu. Asilimia nne waliobaki walikuwa wajumbe wa Bodi.

(Bi Verlene: "Dakta, ngoja. Mimi nilikipitia Chumba Kumi na Mbili nikija huku. Kitasa kimebadilishwa. Nimechungulia dirishani, kuna kapeti.")

Kapeti tutalifikia, Bi Verlene. Hotuba ina mpangilio.

(Bi Verlene: "Mimi sina muda wa mpangilio. Nyumba ya wazee wamenishikia usimamizi wa wodi mpaka mwisho wa mwezi huu, wanataka shahada tu. Ni zamu ya mchana, Dakta. Miaka kumi na mmoja nafanya usiku, binti yangu akinitaka ananikuta nimelala. Nimebakiza hizo krediti tatu basi. Historia ya muziki nimeisoma kitabu kizima, wazee wanakoroma huku nasoma, hata ukiniuliza sasa hivi nakujibu. Nionyeshe mlango tu niingie.")

Mmesikia wenyewe. Huo ndio tunaouita ushuhuda. Naomba wa kamera aniambie kama amepata ile sehemu ya binti, maana ile sehemu ni nzuri mno. Umepata? Basi vizuri. Nimeguswa, Bi Verlene, nimeguswa kwa niaba ya ofisi nzima.

Na kwa kuguswa huko, sasa namwomba Bata Mzinga aniletee ile hundi. (Bata Mzinga anakuja na hundi ya kadibodi kubwa kama mlango, anagonga nayo maikrofoni.) Bi Verlene, kwa heshima na taadhima, MMJUKRENASA inakukabidhi hundi hii. Ishike huko, mimi nishike huku, tutabasamu. Isome kwa sauti.

(Bi Verlene anasoma: "Mlipe Verlene Stamper Fursa Zisizohesabika." Mzee Dewey anamgeukia ndugu wa benki: "Hizo mnapokea pale dirishani?" Ndugu wa benki anaangalia viatu vyake.)

Mzee Dewey, ucheshi wako tunaupenda lakini una mahali pake. Watu wengine kazi yao ni kuuliza "lini, wapi, nani atafundisha," na ndio hao wanaorudisha nyuma maendeleo. Mimi sijawahi kuuliza swali la namna hiyo katika utumishi wangu wote, na ndiyo maana nimefika hapa nilipo. Sasa tusimame kidogo kwa kaulimbiu. Nikisema "Krediti," mnasema "Nafuu." Krediti!

(Mchungaji peke yake: "Nafuu.")

Sanaa kwa wote!

(Mtu mmoja anakohoa.)

Tamarack mbele daima! Ahsanteni, moto huo huo.

Sasa namalizia kwa shukrani. Nawashukuru kwa dhati mafundi seremala, waliofanya kazi usiku na mchana kukigeuza Chumba Namba Kumi na Mbili, kilichokuwa kimejaa watu wameinama wanaandika, kuwa Ofisi ya Makamu anayeshughulikia Njia Nafuu, yenye kapeti na meza ya mbao ngumu ambayo kwa kweli inapendeza. Ofisi hiyo ndiyo mpango wenyewe, kwa awamu ya kwanza mpaka ya nne. Namshukuru mama aliyekuwa akisimamia mitihani ya Jumamosi, ambaye tulimwomba apumzike, na mshahara wake ndio uliotuwezesha kupata keki hii na ile safari. Nawashukuru waliotuazima joho. Bi Verlene, utalivua kabla ya kutoka, kesho linazindua mpango kama huu kaunti ya jirani. Kuhusu mtihani, tarehe, walimu na mahali pa kujiandikisha, vyote vitafuata mara tu mpango utakapobuniwa.

Na mwisho kabisa, viti. Hivyo mlivyokalia vilikuwa vya chumba kile, ndiyo maana vina vibao vya kuandikia. Tumepata mnunuzi, na lori lake linaunguruma hapo nje. Mkiinuka, viacheni hapo hapo vilipo.

(Bi Verlene anavua joho. Analikunja vizuri, analiweka juu ya hundi, anashuka jukwaani. Safu ya mbele kuna kiti kimoja kitupu. Anakaa, anafuta krimu ya keki kwenye kibao kwa kiganja, anatoa penseli mkobani. "Mimi siinuki," anasema, bila maiki na bila kupaza sauti. "Kiti hiki hapa, penseli hii hapa. Lete mtihani.")

Bi Verlene, hilo halimo kwenye ratiba.

(Mzee Dewey, aliyekuwa ameshasimama, anakaa tena na kuiweka kofia yake juu ya goti. Mama mmoja nyuma yake anakaa. Safu nzima inakaa, sahani za keki zinatolewa kwenye vibao na kuwekwa chini. Nje lori linapiga honi.)

Ndugu zangu, mnunuzi anasubiri. Naomba ushirikiano. Bata Mzinga, hebu waonyeshe mlango.

(Bata Mzinga anavua kichwa cha manyoya. Ndani yake ni yule mama aliyekuwa akisimamia mitihani ya Jumamosi, uso umelowa jasho. Anamtazama Makamu, halafu anageukia viti, anavipanga kwa macho safu kwa safu kama alivyozoea. "Simu zizimwe," anasema. "Kila mtu aache nafasi na jirani yake. Verlene, muziki ulisema, au siyo?")

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Mnaruhusiwa kwenda.

(Hakuna anayekwenda.)