Roho ya Mama Akurut

Jumatatu, 8 Novemba 1999
Taifa litambue: leo mimi, Robinson Onyuka, tabibu wa zahanati ndogo ya Busia, nimepokea barua pepe! Nimeisomea dukani kwa Egwang, mwenye kompyuta iliyofungwa kwenye simu. Ililia kama paka aliyekanyagwa, kisha masomo yakaingia. Kozi ya matabibu wa mashambani. Mwalimu yuko Nairobi, hanioni. Raha! Kila mmoja atume habari za mgonjwa wake. Atakayefaulu atapewa usimamizi wa zahanati. Sista Petronilla, muuguzi wa hapa zahanati, naye anasoma. Anishinde mimi? Thubutu!

Jumanne
Petronilla katuma mtoto wa malaria. Malaria! Nani Nairobi atashtuka? Akaja Mama Akurut, anayewauzia madereva wa malori chapati. Akasema, daktari, roho inanichoma. Huku kwetu roho hukaa juu ya kitovu, jirani na chapati ya jana. Nikampa dawa ya kutafuna, akaenda zake. Lakini Nairobi hawaijui roho yetu. Nikawaandikia kwa Kiingereza kwamba moyo unawaka. Si uongo. Ni tafsiri.

Alhamisi
Balaa! Mwalimu kajibu kwa herufi kubwa: mgonjwa asitembee hata hatua! Ameshampigia simu daktari wa wilaya. Gari la wagonjwa liko njiani. Egwang kaisoma kabla yangu, soko zima linajua. Nikakimbia kwa Mama Akurut. Jirani akasema yuko Malaba, kafuata foleni ya malori. Petronilla akaniuliza kama mkono wa mama ulikufa ganzi, dalili ya ugonjwa wa moyo. Nikasema kidogo. Kwa nini nilisema kidogo?

Ijumaa
Watu wa gari la wagonjwa walimkuta Malaba akisukuma chapati, wakamlaza hospitali kwa nguvu, nami nikafuata. Kusikia moyo wake umeharibika, ukaanza kwenda mbio kweli. Analia, anauliza nani atalea wajukuu. Akanishika mkono: wewe daktari wetu, niambie ukweli. Nikasema, mama, ni kiungulia tu. Kisha akavua sapatu. Akaniuliza, huku akinipiga, roho na moyo ni ndugu tangu lini.

Jumapili
Nimemwandikia mwalimu yote: moyo haukuwepo, palikuwa na chapati, pilipili, na mimi kutaka ukubwa. Kanipa sifuri. Bosi ni Petronilla. Mama Akurut mzima, ila hanisalimii, hilo linauma.
Somo lijalo ni macho. Kanisani Mzee Ikapel kalalamika jicho lake linacheza, atapata mgeni. Linacheza! Sasa hiyo kwa Kiingereza si ni dansi? Egwang hufungua saa mbili.