Korongo wa Foronya

Jumatatu, 17 Machi

Siku nyingine bila rakia, pombe yetu kali ya matunda. Mwezi uliopita nesi Dochka alinipima presha, akatikisa kichwa, na mke wangu Radka akamwona. Kosa langu, kwenda naye! Tangu hapo amri ni hii: kila alfajiri pekupeku kwenye umande hadi chemchemi ya kule juu, halafu supu ya majani ya kuwasha, yale yanayochoma vidole kabla ya kupikwa. Ati mtu akikanyaga ardhi majira ya kuchipua, damu hujisafisha yenyewe. Damu yangu haijamlalamikia mtu! Soseji marufuku. Baa marufuku. Mpaka lini? Mpaka korongo wa kwanza aonekane na tuvue martenitsa, nyuzi nyekundu na nyeupe ambazo kijiji kizima tulifungana mkononi Machi mosi. Korongo mwenyewe bado anaota jua huko Afrika. Nani wa kumlaumu?

Na Jumanne ijayo, sikukuu ya Blagovets, ni mashindano ya tabla baani, mchezo wetu wa dadu na kete. Bingwa ni mimi. Nisipofika, kombe linakwenda kwa jirani Valcho, mtu anayeoga mtoni kwenye baridi ya Machi na kutoka akipiga mluzi. Bora nife.

Jumanne, 18 Machi

Baridi. Nimekanyaga konokono. Valcho kanipita kifua wazi, akaniuliza kama ninakwenda chemchemi au nimehamia kwenye kisiki. Nilikuwa kwenye kisiki. Jioni akamweleza Radka. Mbea mkubwa! Radka hakugomba. Alisema tu kwamba kaka yake alikuwa na presha kama yangu, na kwamba hataki kuwasha mshumaa mwingine kaburini mapema hivi. Nampenda mwanamke huyu. Kesho nitafika chemchemi. Au Alhamisi.

Alhamisi, 20 Machi

Nina wazo! Korongo akikawia, husaidiwa. Kiota chake kipo juu ya dohani ya kiwanda cha maziwa kilichofungwa zamani, mkabala na dirisha letu la jikoni. Foronya nyeupe nimeijaza majani makavu. Mabawa, soksi nyeusi. Miguu, mpira mwekundu wa kumwagilia bustani. Mdomo, karoti. Ukimtazama kwa mbali ni ndege kamili! Nikapanda ngazi ya chuma kufanya mazoezi. Nikahema kama punda. Nikashuka. Nikapanda tena, maana nilisahau kupima urefu wa waya. Radka akauliza nilikuwa wapi. Nikamwambia nilikuwa nje, napata hewa safi. Akanibusu shavuni. Dhamiri ikaniwasha kidogo.

Ijumaa, 21 Machi

Alfajiri nimempandisha na kumsimamisha kwa waya. Nikarudi kitandani, nikakoroma kwa ustadi. Punde ukelele jikoni. Nikakimbia, uso tayari kwa furaha. Radka analia!

"Amesimama, Tsanko! Korongo wetu wa kwanza, amesimama!"

Mama yangu. Nimezaliwa kijiji hiki, nikasahau jambo ambalo hata mtoto anayenyonya analijua: ukimwona korongo wa kwanza akiruka, mwaka wako mwepesi, afya tele. Ukimwona amesimama, mwaka mzima unauguza mwili. Nami nimemsimamisha kwa mikono yangu!

Radka akafuta machozi, akasema basi tutapambana. Umande na supu mpaka Oktoba, siku ya Mtakatifu Dimitar. Supu mara mbili kwa siku. Baa tuisahau.

Nikikiri, korongo hajafika na baa sipati. Nisipokiri, Oktoba. Nimeshinda nikitazama dari.

Jumapili, 23 Machi

Suluhisho: korongo aruke! Radka akimwona anaruka, atasema mara ya kwanza macho yalimdanganya. Nikalegeza waya, nikafunga kamba, nikajibanza nyuma ya mti wa plamu. Watu walipotoka kanisani nikavuta kwa nguvu zote. Akaruka kweli. Kama jiwe. Akaangukia bustani ya Valcho, juu ya vitunguu vyake vichanga.

Valcho akamnyanyua kwa shingo mbele ya kanisa zima. "Jamani, korongo gani huyu ana jina la Radka mgongoni?"

Foronya ya harusi! Aliitarizi mwenyewe akiwa mchumba. Mimi niliiona nyeupe tu.

"Za mwizi arobaini, Tsanko!" akaniambia, na meno yote nje.

Radka alitangulia mbele mpaka nyumbani. Huko alisema mengi. Aliniita jitu zima ovyo. Kisha akacheka mpaka akashika meza, akajifuta macho, akasema ashukuriwe Mungu, korongo wa foronya hahesabiwi, mwaka wangu bado haujaharibika. Supu ikarudi mara moja kwa siku. Nadhani nimeshinda.

Jumanne, 25 Machi, Blagovets

Asubuhi Radka akaniamuru nikaondoe waya kiotani kabla ndege mwenyewe hajajikata. Nikapanda. Ajabu, sikuhema. Nimeinama nafungua waya, nasikia kijiji kinashangilia huko chini.

"Tazama juu, wewe!" Valcho anapiga kelele. "Juu! Juu!"

Nikajua ananitania. Sikumpa raha hiyo. Nikamaliza waya wangu taratibu, nikainua kichwa.

Korongo wa kweli. Kasimama ukingoni mwa dohani, ananikazia macho kama mwenye nyumba aliyemkuta mpangaji asiyemjua. Kijiji kizima kilimwona akiruka. Mimi peke yangu, amesimama!

Niliposhuka nilikaa chini kwenye nyasi, wakamwita nesi Dochka. Akanipima presha, akapima tena. Ya kijana! Nikadai baa papo hapo. Radka akasema hiyo ndiyo dalili kwamba dawa inafanya kazi, na aliyemwona korongo amesimama haachi dawa. Mpaka Mtakatifu Dimitar.

Na kombe? Akafunga kitambaa chake kipya kichwani, akaenda kucheza yeye. Alisema mimi ni jitu ovyo, ila kombe la nyumba hii haliendi kwa Valcho. Kamchapa Valcho mpaka mluzi ukamkauka mdomoni! Niliposikia nilitokwa na machozi ya fahari. Jioni nikaomba kulishika kombe. Akanipa. Limejaa supu.

Jumatano, 26 Machi

Wazo! Na hili halina ngazi wala foronya. Kekeo, yule ndege wa msituni! Ukimsikia kekeo wa kwanza ukiwa na njaa, mwaka mzima unashinda na njaa, na Radka analiamini hilo kuliko mahubiri. Kwa hiyo najificha nyuma ya ghala, nalia "kuu-kuu". Radka anasikia. Narudi ndani nikipiga miayo, sijasikia kitu. Atanijaza soseji na mayai haraka haraka kabla kekeo hajalia tena. Labda na rakia ya kusukumia.

Leo nimefika chemchemi kwa hiari yangu, nikafanye mazoezi pasipo na masikio. Sauti ilitoka safi sana. Safi mno, kwa kweli, maana kekeo wa kweli alinijibu kutoka msituni. Mara mbili.

Nilikuwa sijatia kitu mdomoni.

Nimelifikiria njia nzima ya kurudi. Huyo hahesabiwi. Mimi ndiye niliyeanza.