Kuvuliwa Nailoni kwa Deraya ya Rongo

Tegeni masikio, enyi wauza nyanya wa Rongo, nanyi wa Awendo mnaongoja lori la miwa lipite ndipo mvuke barabara! Wekeni mizigo chini, nyamazisheni simu zenu, msikie vita vilivyopiganwa Homa Bay, katika ukumbi wenye feni moja, baina ya mwanamke mmoja na karatasi ya nailoni.

Shujaa wa vita hivyo ni Nyanchama muuza ndizi, mwenye mgongo usiochoka na leso isiyolegea, mama wa Liz. Huyo Liz, ambaye hajatimiza hata miaka miwili, alianguka kutoka kitandani akavunjika mkono, naye mama akambeba mbio hadi kituo cha eksirei cha Onchiri, ambaye Rongo nzima humwita Daktari kwa heshima ya koti lake jeupe. Mtoto wa umri huo hatulii mbele ya mtambo, lazima ashikwe. Basi Onchiri akajikinga nyuma ya ukuta wake, na Nyanchama akabaki uwanjani na blauzi ya pamba. Na pale ukutani, enyi mnaosikia, ilining'inia deraya: aproni nzito yenye madini ya risasi ndani, iliyoundwa kumkinga binadamu na miale, ikiwa bado ndani ya nailoni ya dukani. Aliiomba. Akaambiwa hiyo ni ya wakaguzi.

Picha ikapigwa, na nyingine ingepigwa plasta ikikaribia kutolewa. Anayeshika angekuwa yeye yule. Si kwamba Nyanchama aliogopa kufa. Aliogopa kuugua kabla Liz hajajua kujifunga viatu.

Kwa hiyo gari la matangazo lilipopita likiwaita wananchi Homa Bay watoe maoni kuhusu rasimu ya kanuni, kwamba kila kituo cha eksirei na altrasaundi kikaguliwe na kupewa cheti cha ithibati, alimfunga mtoto mgongoni akaenda.

Huko maombi yaliombwa, salamu zikatolewa, kisha zikatolewa salamu za waliokosa kufika. Itifaki ikazingatiwa mpaka ikachoka. Soda ilifika kabla ya maoni. Ndipo Onchiri akasimama, maana wenye vituo walialikwa waonyeshe ubora wao, akaitundika deraya juu ya kiti mbele ya Bi. Millicent, mwenyekiti wa kikao. Ikameta ndani ya nailoni yake kama keki ya harusi.

"Madam Mwenyekiti," akanena, "miaka mitatu, na hata mkwaruzo hamna. Huu ndio ubora."

Ukumbi ukapiga makofi. Nyanchama akainua mkono. Kipaza sauti kikapita juu ya kichwa chake kwenda kwa mchungaji, kikarudi, kikapita tena kwenda kwa bwana mmoja anayetaka kuchaguliwa, ambaye alitoa maoni marefu kuhusu barabara. Kilipokuwa kikipita mara ya tatu, Phelesia, muuza omena aliyeketi kando yake, alikidaka hewani.

"Shika, nyamera," akamwambia kwa ile sauti ya dada kwa dada. "Wakiuliza, sema ni mimi nilinyakua."

Nyanchama akasimama. Kiingereza chote cha masomo ya jioni kilimkimbia kama jeshi lisilolipwa, akabaki na Kiswahili chake cha sokoni.

"Madam, mimi naitwa Mama Liz. Hiyo aproni naijua, hata hako kastika kekundu kifuani nakajua. Nilimshika huyu mtoto kwa mashine nikiiangalia tu. Haina mkwaruzo kwa sababu haijawahi kumkinga mtu. Muandike kwa hizo sheria zenu: anayeshika mtoto avalishwe kwanza."

Onchiri hakuwa mtu mbaya. Nyumbani kwake hata makochi yalikuwa bado na nailoni, na mgeni akiketi yalilia.

"Mama Liz," akajibu kwa uchungu, "nikiivalisha kila mtu itachakaa. Ikichakaa, hawa watu watanipea cheti kweli?"

Nusu ya ukumbi ikaguna kumuunga mkono, maana nao wana makochi. Bi. Millicent, mkongwe wa vikao, akatamka kwamba maoni yamepokelewa, neno ambalo limezika maoni mengi katika nchi hii. Nyanchama akaona yake yakiteremshwa kaburini.

"Basi niruhusiwe niivae, kabla hamjaandika."

Mwenyekiti akaipekua rasimu kutafuta kifungu cha kumzuia. Hakikuwepo.

Liz akapewa Phelesia, na vita vikaanza. Nailoni ilipiga kelele, ikateleza, ikajikunja, ikamng'ang'ania shujaa vidoleni. Gundi ya pembeni ikastahimili kucha kama ngome ya mawe. Mwishowe Nyanchama akainama, akatumia meno. Ikapasuka, na mlio wake ukawafikia watu wa boda boda nje, wakageuka. Akaivaa deraya, akaketi, akampakata mwanawe. Liz akaigonga kwa plasta yake: tu, tu, tu. Waliokuwa nyuma wakasimama ili waone.

"Andika hiyo," Bi. Millicent akamwambia karani. "Vile amesema."

Onchiri akaiokota nailoni, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni mwa koti.

Siku ya picha ya pili ilipowadia, deraya ilikuwa uchi ukutani. Onchiri mwenyewe alimvalisha Nyanchama, akamfunga mikanda mgongoni taratibu, kama anayemtuma mtu vitani. Picha ikatoka: mfupa umeunga. Naye Liz, aliyekunywa uji njiani, akautapika wote kifuani pa deraya.

Onchiri akaja na kitambaa. Akafuta, akafuta tena. Kando ya kastika kekundu likabaki doa.

"Wakaguzi wakiuliza, Daktari?"

Akakikunja kitambaa. "Nitawaambia inafanya kazi."

Basi ijulikane Rongo na Homa Bay, na popote mtoto anaposhikwa ili apigwe picha: kanuni zingali rasimu, na vikao vingali vinaitishwa, bali doa la uji wa Liz lipo pale ukutani, nishani ya kwanza ya deraya iliyokwenda vitani ikarudi, na aliyeivaa amerudi sokoni kuuza ndizi.