Nanga Iliyoliwa na Biva

Jumatatu, 16 Oktoba

Nina jambo sijamwambia mtu yeyote. Yule biva wangu wa kwanza, mnyama wa majini mwenye meno ya kukata miti, sikumnasa. Nilimkuta.

Jumamosi nilikuwa natembea kando ya bwawa, nikamwona amelala chini ya mti. Si kando ya mti. Chini yake. Alikuwa akiutafuna mpopla kwa meno yake, kama kawaida yao, nao ukaangukia upande aliosimama. Hutokea. Hata fundi hujikata. Nikambeba hadi nyumbani ili nimweleze Bibi Hattie ajali ilivyokuwa. Bibi alifungua mlango, akamwona biva begani kwangu, na kabla sijapanua mdomo alikuwa ameshapiga simu redio ya kijiji. Mjukuu wake Odelia, mtoto asiyesema hata akikanyagwa, amenasa biva! Wazee waoshe sahani!

Kwetu nyama ya mnyama wako wa kwanza huli wewe. Wanakula wazee. Wakala. Mzee Obadiah aliunyonya mkia wa kuchoma huku machozi yakimtoka, akasema sasa hata akifa ni sawa. Utamwambiaje mtu kama huyo kwamba ni mti?

Sikumwambia.

Matokeo yake ni haya. Goti la Babu Malachi limegoma. Anahitaji msaidizi mmoja wa kwenda naye kambini, kwenye mitego, mpaka barafu iyeyuke. Kuna mimi, niliyemaliza shule mwezi wa sita na sijafanya lolote tangu hapo. Kuna binamu yangu Kirby, ambaye naye hajafanya lolote, ila kwa sauti kubwa zaidi. Atakayeachwa atapelekwa mjini Thompson kwa Shangazi Darlene, akapokee simu kwenye saluni yake.

Kupokea simu! Za watu nisiowajua! Kutwa! Hapa nyumbani simu ikilia mimi hukimbilia chooni.

Babu ametoa mtihani. Kila mmoja mtego mmoja wa mguu, bwawa moja, mpaka Ijumaa. Akasema hatatazama nani kanasa, maana hata bahati hunasa. Atatazama kilichomshika mnyama. Biva ana nguvu za mbwa wawili na hasira za mama mkwe. Akiondoka na mtego wako umepoteza mnyama, mtego na heshima. Kwa hiyo nanga, akasema. Nanga na mnyororo.

Aliposema bahati alinitazama mimi. Labda nilidhani tu.

Jumanne, 17 Oktoba

Nimeshinda. Bado haijatangazwa.

Nilifikiri usiku kucha nikapata jibu: kigingi. Nimekata mpopla mbichi, mnene kama mkono wangu, umenyooka kama rula. Nimeupigilia kwenye tope la bwawa mpaka viganja vikachubuka, nikafunga mnyororo wa mtego kwenye kigingi. Nikautikisa. Hautikisiki! Uzuri wake hata nilirudi nyuma kuutazama.

Babu alipita na mtumbwi. Akaacha kupiga kasia. Akauliza kama nina hakika na kigingi hicho. Nikatikisa kichwa kukubali. Akauliza kama kuna swali lolote ningependa kumuuliza, lolote lile, leo anayo nafasi. Nikatikisa kichwa kukataa. Akasema haya, akaenda zake, mabega yakicheza. Nadhani ni kikohozi.

Kirby ameweka wake upande wa pili, nyuma ya vichaka. Hakuonyesha mtu nanga yake. Alimaliza haraka mno, akanipigia kelele kutoka ng'ambo: vipi, bubu, umeshamwambia biva shikamoo, au naye unamwonea haya?

Nilitafuta jibu kali. Nimelipata sasa hivi, saa ya kulala.

Jumatano, 18 Oktoba

Kigingi kimeliwa.

Sijui niandikeje tena. Kimeliwa! Kimebaki kisiki cheupe ndani ya maji, chenye alama za meno, kimechongwa kama penseli. Kipande cha juu nilikiona kwenye ukuta wa bwawa, ule biva wanaoujenga kwa miti. Biva wamekitumia kuzibia pale palipokuwa panavuja. Mnyororo wangu ulikuwa unaning'inia hapo, na mtego mwishoni mwake, wazi, haujaguswa. Walifanya kazi kwa uangalifu sana.

Babu alikitazama kisiki. Akasema mpopla mbichi ndio mkate wa biva. Akasema nimemfunga mbwa kwa kamba ya nyama. Kigingi huwa cha msonobari uliokauka, usio na ganda wala ladha, na hili kila mtoto wa kijiji hiki analijua. Kisha akasema kwa upole kwamba kuuliza si vibaya, mama.

Nilitaka kuuliza. Swali lilifika mpaka kwenye meno, likarudi.

Mtego wa Kirby mtupu pia. Lakini alirudi akipiga mluzi! Alikula mikate ya kikaangoni kwa supu ya makaroni, akamwambia Bibi maisha ni matamu. Mtu hafurahii mtego mtupu bila sababu. Ana mpango. Lazima nimwangalie.

Alhamisi, 19 Oktoba

Leo nimeiba elimu ya Babu, na hana habari.

Alikaa kizingitini baada ya chai akitengeneza nanga, nadhani ya kwake. Nilijifanya naanika soksi. Niliona kila kitu! Alijaza kiroba mawe, akakifunga mdomo kwa waya mnene. Hicho kinazamishwa kwenye kina kirefu. Ncha ya pili ya waya inafungwa ufukweni. Katikati ya waya kuna kijichuma kilichokunjwa chenye tundu, na mnyororo wa mtego unashikwa na hicho. Biva akinaswa hukimbilia kina kirefu, maana ndiko kwao. Kijichuma kinateleza naye kuelekea chini. Akitaka kurudi juu, kinajikaza kwenye waya na kukataa. Ni kama neno lililokwisha kutoka mdomoni. Linakwenda, halirudi.

Babu alitengeneza polepole mno. Uzee. Alipomaliza alifungua yote akaanza upya, akiongea peke yake kwa sauti: upande uliokunjwa utazame ufukweni, sio majini, wengi hukosea hapo. Maskini, siku hizi anajisemesha. Kisha akaingia ndani kulala akaacha kiroba, waya na kijichuma pale pale kizingitini. Uzembe wa namna hiyo si kawaida yake.

Nilivichukua. Nilinyata kama mwizi. Nimevitega kabla jua halijazama, kama nilivyoona.

Lakini siamini. Kirby bado anapiga mluzi. Amemuuliza Bibi kama koti lake lile la ngozi linafaa kuvaliwa kambini au ni la mjini tu. Anajiona ameshapata! Kesho alfajiri, kabla ya Babu, nitakwenda upande wake niulegeze mnyororo wake. Kidogo tu. Ni dhambi. Nimeomba msamaha mapema.

Ijumaa, 20 Oktoba

Nitaandika kwa mpangilio, maana mambo ni mengi.

Nilifika upande wa Kirby kukiwa na ukungu. Mtego haupo. Nanga yake ipo. Nanga yake ni kamba ya kiatu! Ya rangi ya chungwa, imefungwa kwenye kijiti cha kichaka, fundo la kipepeo. Nikakaa nikaifikiria. Nikaamua ni mbinu mpya ya mjini. Nikaifungua nikaitia mfukoni ili niichunguze.

Ndipo nikasikia mtu ananong'ona kwa nguvu kutoka upande wangu: bubu! We bubu! Njoo!

Kirby alikuwa amesimama ndani ya maji penye mtego wangu, maji kiunoni. Amekumbatia biva aliyekufa kama mtoto mchanga. Mguu mmoja wa Kirby umenaswa kwenye mtego wangu, na kila alipojivuta kuja ufukweni, kijichuma kilikataa. Kilimruhusu kwenda upande mmoja tu, kwenye kina. Alisema nimtoe kabla Babu hajaja. Alisema ameshajaribu kila njia, nanga gani hii, nimefungia gari la mawe?

Nilimuuliza anafanya nini pale. Ndiyo, niliuliza! Kwa sauti!

Akasema alikuwa anakuja kunitilia biva wake kwenye mtego wangu ili nishinde. Tangu Jumatatu anajitahidi kushindwa. Nani anataka kukaa msituni na mzee na goti lake, wakati Thompson kuna taa, kuna pitsa, na kuna yule binti anayeosha nywele saluni kwa shangazi? Alifunga mtego wake kwa kamba ya kiatu makusudi. Usiku biva mjinga akaja akanasa, mnyororo ukajizungusha kwenye kisiki, ukashika kuliko chuma. Akasema ameutoa mtego akauficha vichakani, na hana bahati kabisa.

Kisha akaniuliza na mimi nilikuwa natokea wapi alfajiri hii. Nikasema natembea.

Tulivuta. Mguu ukatoka, buti la mpira likabaki, likateleza na mtego mpaka chini kabisa. Kirby akanitupia biva, akasema mtumbukize, haraka. Nimtumbukize wapi? Mtego umejaa buti. Na hapo Babu akatokea njiani na fimbo yake.

Akamtazama biva mikononi mwangu. Akamtazama Kirby, amesimama kwa mguu mmoja kama korongo. Hakuuliza biva ni wa nani. Alisema tu: tuone kilichoshika.

Akavuta waya, ikabidi tumsaidie wote wawili, maana kiroba kilikuja nao kwa shida. Ukaja mnyororo. Ukaja mtego. Likaja buti la Kirby. Babu akamwaga maji yaliyokuwamo, taratibu. Kirby, ambaye hajawahi kukosa la kusema, akasema siku hizi biva wanavaa vizuri.

Babu aliweka buti chini. Alikagua kijichuma, upande uliokunjwa. Alipima waya kwa kidole. Aliuvuta upande wa kiroba kwa uzito wake wote, na fundo la waya halikulegea. Halafu akakaa kwenye gogo akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema kijana huyu hajawahi kushikwa na kitu, si shule, si kanisa, si mama yake, na leo ameshikwa. Nanga ni nanga. Odelia anakwenda kambini.

Kirby alijitahidi kuonekana mwenye huzuni. Hawezi. Alifika nyumbani kwa mguu mmoja akiruka, na nusu ya kuruka kule ilikuwa kucheza.

Biva amepelekwa kwa wazee. Bibi ametangaza redioni kwamba Odelia amerudia tena. Sikusahihisha. Hakukuwa na mwanya wa kuingiza neno, alisema mfululizo mpaka wimbo wa injili ukaanza.

Najivunia jambo moja. Kama nisingemwibia Babu ile elimu pale kizingitini, nisingeshinda. Ujanja unalipa.

Jumapili, 22 Oktoba

Tunafunga mizigo. Barafu imeanza kingoni mwa ziwa, nyembamba kama kioo cha taa. Kirby ameondoka na basi la asubuhi, amejipulizia manukato mpaka Bibi akapiga chafya. Mimi nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo. Majira mazima ya baridi! Babu, theluji, na kimya.

Mchana Babu akaleta sanduku la chuma akaliweka mbele yangu kwa heshima kubwa. Redio ya kambi. Akaeleza kwamba kila jioni kambi zote za mstari wetu wa mitego huzungumza kwa zamu. Nani mzima, nani anaumwa, barafu ikoje, mitego imeshika nini. Familia zote husikiliza, na kijiji nacho. Masikio yake yamechoka, hasikii tena yanayosemwa mle ndani. Hiyo ndiyo sababu hasa ya kutafuta msaidizi, akasema. Goti ni kisingizio tu, hakutaka watu wajue kuhusu masikio. Nitaongea mimi.

Kila jioni. Watu wote!

Bibi ameshawajulisha. Mzee Obadiah amenunua betri mpya.

Babu alinitazama, akauliza kama kuna jambo lolote. Ningeweza kusema: Babu, naogopa. Maneno mawili tu. Alisubiri, kofia mkononi. Nikatikisa kichwa kwamba hakuna.

Lakini usijali. Nimeshaichunguza hiyo redio alipokwenda kufunga mbwa. Nyuma yake kuna waya mmoja mwembamba, ambao kambini hupandishwa juu ya mti, na bila huo haisikii wala haisemi. Waya ni kitu dhaifu. Baridi huukata, kindi huutafuna, theluji huuangusha. Nani atamlaumu kindi? Nimetia koleo ndogo ndani ya soksi, kwenye mzigo wangu.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, tafadhali, usimwambie mtu. Hasa usimwambie Babu. Mimi mwenyewe, unanijua, sisemi.