Delege wa Soko la Majirani

Siku redio iliposema kwamba marais wa nchi jirani wametia sahihi kufungua mipaka kwa biashara, Butembo nzima ilicheka. Majeshi ya majirani hao yalikwisha kuifungua kitambo, tena bila kalamu. Siméon Maliro peke yake hakucheka. Kinywa chake kilikuwa kitamu na mfuko wake mtupu, na alitaka kuvuka mpaka wa Kasindi akaanze maisha Kampala kabla hawajamfikia watu aliowauzia viwanja hewa kule Mulekera, mjini Beni.

Kesho yake aliazima koti, akaenda kwa Mama Kyakimwa, mnunuzi wa kahawa, akiwa na kadi yenye muhuri alioukata kwa wembe kwenye soli ya kandambili.

"Mama, miye ni delege, mujumbe wa Soko la Majirani. Na hii karti, mpaka Kasindi basoda habatagusa mizigo yako. Banapiga tu saluti."

Mama Kyakimwa aliigeuza kadi. Safari iliyopita vizuizi vya wanajeshi, zile barière za njiani, vilimlia magunia kumi na tano. Ikitokea tena vile, yeye na wanunuzi wenzake wangeuza lori lao.

"Unaomba nini?"

"Magunia sita ya kahawa tu."

"Sawa. Lakini kwetu hapana kulipa mutu mbele ya safari. Malipo inapanda mu camion, na mwenyewe anaikalia."

Siméon hakuona ubaya. Magunia yake yangefika Uganda kwa mafuta ya wengine, na yakitokea ya kutokea, angesingizia vita. Wajinga ndio waliwao, alijisemea, akapanda lori, juu ya mzigo.

Kwenye kizuizi cha kwanza mwanajeshi alidai fungu lake. Mama Kyakimwa, aliyekaa mbele na dereva, alinyoosha kidole juu kwa heshima zote.

"Ongea na delege. Ni yeye chef, mukubwa wetu."

Mwanajeshi aliisoma kadi yote, akafurahi.

"Soko ya majirani? Bien. Na sisi tuko majirani. Leta yetu."

Siméon akashika gunia lililo karibu.

"Ile ni yangu, delege," Mama alisema kwa upole. "Karti ilisema habatagusa yangu."

Angefanya nini? Akiri uongo mbele ya mtutu wa bunduki? Alishusha gunia lake, akatabasamu kulinda cheo. Kule Beni alishusha la pili, huku amejifunika turubai hadi machoni asitambuliwe. Njia panda ya Mutwanga lilikwenda la nne. Kasindi, la sita, na hapo tabasamu lilikuwa limekwisha.

"Aksanti, delege," Mama alisema. "Tangu vita ianze, ni mara ya kwanza kahawa yangu yote inafika."

"Mama, ulijua?"

"Nilijua nini? Ulisema habatagusa, na habakugusa. Mu kurudi tunapakiza sabuni. Barière ni zile zile sita, na tumekuwekea katoni sita."

Siméon aliitazama Uganda, ambako bila kahawa angelala stendi kwa njaa. Nusura alie. Kisha akauliza, kwa sauti ya delege kabisa, kama katoni hazingeweza kuwa saba.

"Barière ni sita," alisema Mama, akafunga mlango wa lori.