Kesi ya Bata Mzinga wa Obura

Jumatatu, 3 Julai 1995

Nimemkamata! Ninapoandika haya yuko chini ya meza, mguu umefungwa kwa kamba ya kiatu, ananitazama kwa jicho moja. Bata mzinga wa Obura. Mnene, ana maringo, na sauti yake ni ya mtu anayesukutua koo.

Obura ni jirani yangu hapa Shauri Moyo, ukuta kwa ukuta. Mtu wa reli. Mwaka jana alinishinda uenyekiti wa kamati ya bomba la maji. Alishinda kwa pilau, si kwa sera. Tangu hapo akinisalimia ananiita "Bwana Katibu". Mimi si katibu! Katibu ni mtu mwingine kabisa.

Bata wake anazunguka ploti nzima akila vya watu. Leo amekula sabuni ya kufulia ya mke wangu, Kasiva. Akatoa povu, akatulia, akarudi kuimalizia. Basi! Nikasema imetosha. Zamani niliwahi kuwa tarishi katika ofisi ya wakili mmoja mjini, kwa hiyo sheria naijua. Mnyama akiingia kwako unamshikilia kama ushahidi, kisha unamshtaki mwenyewe. Obura ataniomba msamaha pale bombani, watu wote wakiwa na ndoo zao.

Aliingia kwa miguu yake mwenyewe. (Nilimwaga mahindi kidogo kutoka kizingitini hadi mezani. Hilo halina haja ya kujulikana.)

Kasiva anasema nimrudishe kabla chai haijachemka. Eti ndege huyo anasubiriwa. Wakwe wa Jacklyne, binti ya Obura, wanakuja kwa posa Jumamosi ya wiki ijayo, na wameshaahidiwa nyama yake. Nimemwambia sheria haijui wakwe.

Jumatano, 5 Julai

Jana sikuandika. Nilikuwa seli.

Obura alimsikia bata wake kupitia ukutani. Badala ya kubisha hodi kama jirani, akaenda polisi. Akaja Konstebo Thuo, kijana mpole, viatu vinang'aa. Akauliza ndege ni wa nani. Nikamwambia wa Obura. Akauliza yuko wapi. Nikamwonyesha. Tukaenda kituoni, na huko akaniambia kwamba silazimiki kusema neno lolote, na kwamba nikisema litaandikwa na linaweza kutumiwa kortini. Nikamcheka. Asiye na hatia haogopi kalamu!

Nikaeleza. Nikaeleza uenyekiti, pilau, sabuni. Hata mahindi nikayaeleza. Sijui yalinitokaje. Nadhani nilitaka aone ufundi. Kalamu ya Thuo ikaishiwa wino, nikamwazima yangu. Nikatia sahihi kila ukurasa kwa mwandiko wangu ule mzuri.

Mshukiwa. Mimi!

Seli ilikuwa na wajuzi. Mzee mmoja aliyeshikwa kwa pombe ya chang'aa alinishauri nikubali makosa, hakimu ataniona mtu muungwana na nitarudi nyumbani mapema. Mwingine akasema nikatae kila kitu, hata jina langu. Mimi nikaona busara ni kuchanganya. Leo asubuhi kortini Makadara karani akanisomea shtaka: wizi wa bata mzinga mmoja, dume. Ni kweli au si kweli? Nikasema, "Mheshimiwa, bata ni kweli. Wizi si kweli."

Watu wakacheka. Hakimu, mama mwenye miwani, hakucheka. Akaandika kwamba nimekana. Kesi itasikilizwa tarehe ishirini.

Mdhamini wangu ni Muthama, kaka yake Kasiva, mchonga vinyago. Alitoa hati ya shamba lake la Kangundo. Alipoiachilia, vidole vilifuata kidogo. Masharti: nifike kila nitakapoitwa, na nisimkaribie mlalamishi wala kuzungumza naye habari za kesi. Nisimkaribie! Obura analala nyuma ya kitanda changu.

Lakini kuna raha moja. Bata sasa ni kielelezo. Amefungiwa nyuma ya kituo mpaka kesi isikilizwe, yaani mpaka wakwe wawe wameshakuja na kuondoka. Obura aliambiwa hivyo pale pale kortini. Uso ulimshuka kama shati lililokatikiwa na kamba ya kuanikia. Nilifurahi mno. Kasiva alitembea mbele yangu njia nzima.

Alhamisi, 6 Julai

Nimekuwa mtu mashuhuri. Vijana wa kona wananiita Jaji. "Niaje, Jaji!" Nimewainulia mkono tu.

Na watu wanakuja na maswali yao. Mmoja aliuliza tofauti ya dhamana na faini. Nikamwambia moja unatoa kesi ikiwa imesimama, nyingine kesi ikiwa imekaa. Akatikisa kichwa kwa heshima. Mwingine aliuliza kama polisi wanaweza kumhoji bila wakili. Nikamwambia akieleza vizuri kama mimi hatahitaji wakili. Akaaga upesi.

Jioni akaja Mama Habibo, anayeuza madira na shuka sokoni Gikomba. Ameitwa kortini kesho kwa kuuza kando ya barabara bila leseni. Alitaka kujua mtu asipokwenda inakuwaje. Nikamwambia kesi bila mshtakiwa ni kama arusi bila bibi arusi, watu watapiga miayo na kurudi makwao. Akanishukuru kwa sambusa. Tamu sana. Kwa nini sikuwa wakili mimi?

Ijumaa, 7 Julai

Nimepata mbinu. Masharti yanasema nisizungumze na Obura. Hayasemi lolote kuhusu ukuta!

Baada ya kazi niliketi kitandani, nikaukabili ukuta, nikauambia kwa sauti kubwa, "Wewe ukuta, mwenye bata akiifuta kesi, mimi nitasamehe sabuni." Ukuta ukajibu kwa sauti ya Obura kwamba ukuta hauzungumzi na wezi. Nikauambia kwamba ukuta hauwezi kuwa mwenyekiti wa bomba bila pilau. Ukuta ukasema kuna watu hata wangepika ng'ombe mzima hawangepata kura ya mama yao. Nilisimama juu ya kitanda kujibu hilo. Nje, bombani, watu walikuwa wameacha ndoo zikifurika.

Nilipogeuka, Muthama alikuwa mlangoni, patasi mkononi. Alianza kwa Kikamba, na Kikamba kile siwezi kukiandika. Kisha, ili nielewe vizuri, akarudia kwa Kiswahili: nikizungumza tena hata na tofali moja, atakwenda mwenyewe kortini kujiondoa kwenye dhamana, nami nitakwenda rumande. Nikamwambia anaelewa sheria vibaya. Akasema yeye anaelewa shamba.

Jumamosi, 8 Julai

Siku mbaya, lakini siku nzuri.

Asubuhi alikuja Mama Habibo. Hakuja na sambusa. Jana alikaa nyumbani kama nilivyomshauri, na korti haikupiga miayo. Ilitoa hati ya kumkamata! Alipopata habari alikimbia mwenyewe kwa hakimu, akaomba radhi, akafutiwa hati na kuonywa vikali. Alinieleza yote hayo akiwa na sandali ya mguu wa kushoto mkononi. Nilizunguka meza. Ana mbio kuliko nilivyodhani.

Baadaye nilikwenda bombani na ndoo yangu. Jacklyne alikuwa pale. Nilitarajia anitemee mate. Akanisalimia kama kawaida, "Habari za asubuhi, Baba Nthoki," akasogeza ndoo yake ili yangu itangulie. Huyu mtoto alikuwa akifanyia hesabu zake kwenye meza yangu, na nilimsaidia mpaka mwalimu akamwomba asisaidiwe tena. Nikamuuliza matayarisho yanaendeleaje. Akasema vizuri. Kisha akasema polepole kwamba shangazi wa kule kwa wakwe amemuulizia bata mara mbili, na yeye amejibu kuwa baba anamtunza mahali. Akacheka kidogo, kicheko cha kuzuia kitu kingine.

Ndoo yangu ilijaa, ikamwagika, sikuona.

Nilirudi ndani nikamwambia Kasiva avae viatu. Kila Jumamosi kuna wakili wa kujitolea katika ukumbi wa kanisa, Bi Kageha. Msichana mdogo, koti la kijivu, macho makali. Nikampa maelezo yangu. Nikasema ndege aliingia kwa hiari yake. Akauliza kama kuna lingine. Nikasema hakuna. Kasiva akakohoa.

"Mwambie mahindi, Baba Nthoki."

Nikamwambia mahindi. Bi Kageha akasema nikimficha jambo leo, atalisikia kwa mara ya kwanza kutoka kinywani mwa Konstebo Thuo mbele ya hakimu, na pale hatakuwa na nafasi ya kukuna kichwa. Kisha akauliza nilitaka kumfanya nini yule bata. Kumla? Kumuuza?

Nilikasirika. "Kumshtaki mwenyewe!"

Aliweka kalamu chini. Alicheka mpaka akashika meza, na Kasiva naye akaanza. Alipopata pumzi akasema, ajabu ya mambo, hilo ndilo jambo zuri kuliko yote niliyoyasema tangu nishikwe. Wizi unataka nia ya kumnyang'anya mwenye mali moja kwa moja, na mimi nilitaka tu kumwaibisha. Ila akaonya kwamba hakimu halazimiki kuniamini. Nikauliza kama Obura anaweza kuiondoa kesi. Akasema anaweza kuomba, lakini korti ndiyo inayoruhusu, si mlalamishi peke yake. Na mazungumzo na Obura yatapitia kwake yeye, si kwangu wala kwa ukuta. (Habari za ukuta zimefika mbali.) Kuhusu bata, atakwenda kwa kiongozi wa mashtaka aombe apigwe picha za kutumika kortini, kisha arudishwe kwa mwenyewe.

"Na wewe," akasema, "kazi yako ni kunyamaza. Utaweza?"

Nikasema nitaweza. Kasiva akacheka tena, peke yake.

Jumatano, 12 Julai

Korti imekubali! Bata amepigwa picha leo nyuma ya kituo. Nilitazama kutoka ng'ambo ya barabara. Kwanza uso, halafu ubavu, kama jambazi. Thuo alimshika, mpiga picha akamwambia asitikisike, bata akajisaidia juu ya kiatu kimoja kinachong'aa. Nilikuwa na neno zuri sana la kusema. Nilililuma.

Obura alimpakia kwenye baiskeli. Alipita karibu nami, akanitazama, hakusema kitu. Bata ndiye aliyesema.

Kunyamaza ni kazi ngumu. Koo linauma.

Jumamosi, 15 Julai

Wakwe wamefika. Magari, vitenge, vigelegele. Kasiva yuko upande wa pili tangu alfajiri, anakata vitunguu na kina mama. Mimi nimekaa kitandani na harufu. Inapita ukutani bila kujali masharti ya dhamana.

Nilisikia shangazi akisifu ndege, kwamba amelelewa vizuri. Nilitaka kugonga ukuta niseme mimi pia nilimlisha. Nikakalia mikono.

Mchana akaingia Jacklyne, nguo ya njano, shanga shingoni, sahani imefunikwa. Ndani, paja zima.

"Baba amesema usiseme kitu, ule tu."

Basi nimekula kielelezo. Kilikuwa laini. Machozi yalinitoka kidogo. Pilipili.

Alhamisi, 20 Julai

Kortini. Shati la kanisani. Muthama kwenye benchi la nyuma, ameshika kofia kama usukani.

Obura alisimama, akaomba kuiondoa kesi. Hakimu akamuuliza kama ametishwa au kushawishiwa. Akasema hapana, mheshimiwa, posa imekwenda vyema, ndege ameliwa, na huyu ni mjinga lakini ni jirani yangu. Karani aliyaandika yote hayo! Hakimu akanitazama juu ya miwani, akaniambia kwamba jirani akikukosea kuna mlango wake, kuna kamati, kuna chifu, wala si juu yangu kukamata vitu vya watu. Akaruhusu kesi iondolewe. Kisha akauliza kama nina la kusema.

Bi Kageha alinibana mkono. Alikuwa ameniambia neno moja tu: asante.

Nilisema asante. Halafu nikasikia sauti ikiuliza nani atanirudishia mahindi. Ilikuwa yangu. Bi Kageha akanivuta koti, nikakaa bila kupenda. Hakimu akaita kesi inayofuata upesi upesi, na naapa alikuwa akificha tabasamu.

Nje, Muthama aliipokea hati ya shamba akaibusu. Obura akanipa mkono. Akaniita kwa jina langu, Muoki. Si Katibu! Tukarudi Shauri Moyo kwa miguu, yeye akisimulia habari za reli, mimi nikisikiliza, au karibu kusikiliza.

Ijumaa, 21 Julai

Amani. Mama Habibo amenisalimia, viatu vyote viwili miguuni. Kasiva ameimba akipika.

Kuna jambo dogo tu. Tangu asubuhi mtu ameacha mkokoteni wa makaa katikati ya njia ya ploti yetu. Kina mama wanapita ubavu ubavu na ndoo. Nimemwambia Obura achukue hatua, yeye ndiye mwenyekiti. Anasema tumsubiri mwenyewe, huenda amekwenda kunywa chai. Uongozi gani huu!

Nimeufunga mkokoteni kwa mnyororo kwenye nguzo ya stima. Si wizi. Sina nia ya kuumiliki moja kwa moja, na nimefunzwa hilo na wakili mwenye shahada. Kasiva ameuma kanga. Muthama ameondoka bila kuaga, nadhani amekwenda kuficha hati.

Mwenye mkokoteni alirudi muda si mrefu. Bonge la mtu. Hakubishana hata kidogo, alikwenda tu upande wa kituo, hatua ndefu.

Naona viatu vinang'aa pale konani. Konstebo Thuo! Ana daftari. Vizuri sana, huyu ni mtu anayesikiliza. Nimemwambia Kasiva abandike chai, maana nitaanza tangu mwanzo na sitaacha hata neno.